Asumini ya Mama Devota

Marehemu Beatrisi Asheri Semhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Muheza. Baba yake alikata mkonge. Mama yake alipanda asumini mlangoni, akisema kambi ni ya tajiri lakini harufu ni yake.

Alihitimu darasa la saba mwaka 1971. Kuanzia 1976 hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko Raskazone, ambako wengi bado wanaikumbuka chai yake ya mchaichai aliouchuma uani kwake.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Noa Safari, fundi wa reli, wakahamia Ngamiani. Alikuja na sanduku moja na kitawi cha asumini ya mama yake, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Haukupita muda, ua ukajaa mchicha, bamia, mrehani na mkilua, katika madumu yaliyokatwa na ndoo zilizotoboka. Mzee Noa alipolalamika kwamba baiskeli yake haina pa kukaa, aliambiwa aiegemeze ukutani. Baada ya mwezi kunde zilikuwa zimeitambalia. Bustani ile ndiyo iliyokuwa raha yake. Alikuwa akisema mkono wenye udongo hauna nafasi ya kununa.

Harusi za mtaa zilipata bure vikuba vyake, vishada vya asumini, mrehani na mkilua, za Waislamu na za Wakristo. Ila kitawi cha asumini hakumpa mtu. "Maua chukueni, mti niachieni," aliwaambia. Alikuwa mkarimu kwa yote, lakini kwa mti huo alikuwa mchoyo, na hapa hatumpambi. Aliona akiugawa atakuwa amemgawa mama yake.

Oktoba 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, akatibiwa Dar es Salaam miezi minne akiwa kwa binti yake Devota. Huku nyuma Mzee Noa, kwa mapenzi, aliumwagilia ule mti asubuhi, mchana na jioni, hadi mizizi ikaoza. Marehemu aliporudi na kukuta kijiti kikavu, alilia kuliko alivyolia hospitali.

Kesho yake jirani yake, Bi Sabiha, aliingia na kopo lenye asumini mbichi.

"Mama Devota, niwie radhi. Siku ya harusi ya mwanangu Samiha nilikukatia kitawi ulipoingia jikoni. Miaka yote hii nakificha nyuma ya choo."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa.

"Shoga yangu, ungekuwa mwaminifu, leo mama yangu angekuwa amekufa mara mbili."

Tangu hapo alishinda kitini akiotesha vitawi kwa mkono wa kushoto, akaagiza kwamba siku ya maziko yake asiondoke mtu mikono mitupu. Kiharusi kilimrudia, akafariki nyumbani Jumapili alfajiri, tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Devota na Anold, wajukuu watano, na Bi Sabiha, ambaye sasa yuko pale getini na makopo. Kila mmoja achukue lake. Kuhusu kipimo cha maji, tafadhali msimuulize Mzee Noa.

Maua chukueni, na mti chukueni. Apumzike kwa amani katika udongo alioujua.