Korongo Aliyepewa Shikamoo

Jumapili ile benchi letu la Nyegezi, jirani na stendi, lilijaa kabla kahawa anayotuuzia Leonsia haijachemka. Habari ilikuwa moja tu: Masalu, mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyepanga chumba nyuma ya duka langu. Jana yake alasiri wenzake walimpeleka ufukweni kusherehekea kumaliza mitihani, wakamnywesha bia. Akirudi, akamkuta korongo kasimama kando ya jalala, upara unang'aa, mabawa kayakunja kama mtu aliyefunga mikono mgongoni. Masalu akavua kofia, akainama: "Shikamoo, mkuu wa chuo." Korongo hakuitikia. Masalu akaanza kuomba msamaha mpaka machozi yakamtoka.

— Mimi nilikuwepo! alisema Ngosha, dereva wa bodaboda tunayemwita Profesa. Nikamwambia, ng'wanawane, mwanangu, huyo ni ndege. Akanijibu, nyamaza, mkuu anawaza!

Mzee Byabato, mwalimu mstaafu tunayemwita Hakimu, alijimwagia kahawa kwa kucheka.

— Kosa ni la simu, alihukumu alipopata pumzi. Humo wanaona watu wananyanyua glasi, nao wananyanyua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka wa kwanza kaja, wenyeji wakapona kiu!

— Simu hailevyi, Mzee, alipinga Profesa. Ni chipsi mayai. Mafuta yale yanakaangiwa tangu mwaka jana. Yakifika tumboni yanaita bia yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha tumbo!

— Hujui kitu. Ni haya mawe ya Mwanza. Yanameza jua mchana kutwa, halafu mtoto wa watu anapanga chumba chini ya jiwe. Usiku kucha anaokwa. Atakosaje kiu?

— Mbona nyumba yako iko mlimani, na unakunywa kahawa?

— Mimi niko juu ya jiwe, Profesa. Joto la jiwe linashuka.

Leonsia ilibidi aweke birika chini. Tukiwa bado tunajifuta machozi, akaja binti na chupa ya chai mkononi.

— Shikamooni. Naitwa Odeta, nasoma na Masalu. Naomba kahawa yake, isiwe na sukari. Kichwa kinamuuma, na kafunga begi, anasema anarudi kwao Sengerema.

— Kwa sababu ya bia? niliuliza.

— Kwa sababu ya aibu. Anasema Nyegezi nzima inamcheka.

Tukaangalia vikombe vyetu.

— Kwani ana miaka mingapi? aliuliza Leonsia.

— Kumi na saba. Nilimwambia yule muuzaji wa baa pale ufukweni, akanijibu bia haina cheti cha kuzaliwa. Na Masalu hajawahi kunywa. Aliogopa kuwakatalia wenzake, ndio watu pekee anaowajua hapa mjini.

Profesa aliguna.

Leonsia akajaza chupa. Odeta akakaza kifuniko, lakini hakuondoka.

— Naweza kumbembeleza abaki. Ila njia ya chuo inapita hapa hapa. Akipita, mtamcheka?

Hakimu alijiziba mdomo kwa kiganja. Bega la Profesa likaanza kutikisika, akang'ata midomo. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kitu chini ya benchi.

Odeta alitutazama mmoja mmoja kwa ukali. Kisha mwenyewe akaangua kicheko, cha kumfanya ashike ukuta.

— Ngoja nimlete, alisema. Acheke na nyie.

— Mlete, mwanangu, alisema Leonsia, akiongeza maji kwenye birika.