Mama Dirisha, Aliyesema Ukweli Kabla ya Tiketi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, kisa cha dirisha, ambacho kila mmoja wenu anacho kwa namna yake, kilisimuliwa mara ya kwanza na bawabu wa jumba la sinema, Jumanne tarehe 9 Agosti 1983, akiwa amesimama mlangoni kwa bibi yetu, mama mzazi wa marehemu, kofia mkononi, na ndivyo tulivyokiandika hapa, pamoja na yaliyofuata, bila kutia chumvi.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na tangu utotoni hakuweza kuonyeshwa kitu akanyamaza, hata baba yake kila alipomaliza kiatu alimwita yeye kwanza, akimwambia, "Njoo, hakimu, sema."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, alipohitimu darasa la nane, na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo tunayo, mwalimu aliandika kwamba hesabu zake ni safi na maoni yake ni mengi.

Baada ya kumsaidia mama yake kushona kwa miaka mitano na miezi tisa, Jumatatu tarehe 2 Oktoba 1972 aliajiriwa kuuza tiketi za sinema, katika chumba chenye stuli moja na dirisha la nondo, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Dirisha na desturi iliyomjulisha kwa watu, kwamba mteja akiuliza picha ya leo ikoje, anajibiwa "Ingia," au "Ingia kama umelala mchana," au "Rudi nyumbani." Alikosea pia, kwani mwaka 1978 aliwarudisha watu kwa wiki nzima, kisha akaitazama tena picha ile, akabandika karatasi dirishani iliyosema, "Niliikosea, samahani, ingieni."

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, mwendesha mashine ya picha katika jumba hilohilo, ambaye alipomuuliza anamwonaje, alijibiwa kwamba mwanzo unakwenda polepole, lakini atakaa aone mwisho, naye alikaa kwa miaka thelathini na mitatu. Walijaliwa watoto watatu, dada yetu mkubwa mwaka 1977, mimi ninayesoma mwaka 1980, na mdogo wetu tarehe 21 Novemba 1983.

Ijumaa tarehe 17 Juni 1983, akiwa mjamzito wa mdogo wetu huyo, marehemu aliwarudisha nyumbani watu waliojipanga hadi kona ya barabara, na mwenye jumba, aliyeichagua picha ile mwenyewe, alishuka ngazi akamuuliza, "Wewe nimekuweka hapo uuze tiketi au unifukuzie watu?" naye akajibu, "Nauza tiketi, mzee, majuto siuzi." Aliwekewa barua ya kuahidi kwamba kila picha ataisifia, akaisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha bila sahihi, akafukuzwa kazi palepale, huku baba yetu akibaki kwenye mashine bila kujua naye atabaki hadi lini.

Muuzaji mpya alisema "nzuri" kwa kila picha, hivyo watu wakaanza kupitia kwetu kwanza, wakisimama barazani na kuuliza, "Dada, ya leo vipi?" na marehemu, ambaye angeweza kulipiza kisasi kwa neno moja, aliwajibu wote, "Sijaiona, siwezi kuisemea," nao wakarudi makwao, wakisema kama yeye hasemi basi na wao hawaingii. Siku ya hamsini na mbili, Jumatatu tarehe 8 Agosti, bawabu alihesabu watazamaji kumi na mmoja katika viti mia nne, na mwenye jumba akaja barazani kwetu kwa miguu, akasema, "Haya mama, umenishinda, rudi dirishani." Marehemu alirudi kwa sharti moja, kwamba kila picha mpya aione yeye kabla ya mlango kufunguliwa, na kuhusu ya kwanza aliyoonyeshwa aliiambia foleni, "Rudi nyumbani," mwenye jumba akasikia, akapanda ngazi zake, na ya wiki iliyofuata alipotamka "Ingia," watu walijaa hadi wakakaa kwenye ngazi.

Jumba lilifungwa tarehe 30 Juni 1997, lakini dirisha halikufungwa, lilihamia sebuleni kwetu, ambako alitoa hukumu kuhusu tamthilia, watangazaji, hotuba za harusi, mapazia ya majirani, na madaktari wa kwenye runinga wanaopasua mtu bila glavu.

Aligundulika na ugonjwa wa moyo mwezi Mei 2019, akalazwa tarehe 3 Machi 2024, na Jumamosi tarehe 9, saa kumi na moja jioni, wodi nzima ilitazama naye sehemu ya mwisho ya tamthilia ambayo kwa miaka minne tulimbishia, yeye akisema baba wa yule binti ni mlinzi wa getini, na ilipothibitika ni yeye, wagonjwa walipiga makofi, muuguzi akapiga vigelegele, na marehemu akasema tu, "Wamechelewa." Alifariki Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao marehemu alituambia wanaeleza vizuri na hawazungushi maneno, majirani waliovumilia kuambiwa ukweli kuhusu mapazia yao, na wote waliofanya naye kazi. Pumzika kwa amani, mama yetu, hukumu zako zimesimama.

Kati ya waliohusika na kisa cha dirisha, mwenye jumba alifariki mwaka 1994, bibi yetu mwaka 2001, baba yetu mwaka 2009, na bawabu yupo hai, ana miaka themanini na moja, nasi tulimwekea kiti mbele, lakini amekwenda kukalia kile cha karibu na mlango.