Injini ya Pili Nayo Inakunywa

Kijiwe chetu cha Chang'ombe hakina mwenyekiti, ila kina benchi, na wanaokaa pale wanatibu kila kitu bila kunyanyuka. Ijumaa ile, upepo wa Juni ukitia vumbi kwenye vikombe, mgonjwa alikuwa teksi ya Halfani, haibridi, gari la petroli na betri, iliyoegeshwa mbele yao, boneti juu. Halfani alikwishavaa kanzu ya msikitini mapema, na alikuwa amechoka. Kila asubuhi alijaza maji ya rejeta, kila jioni yamepungua, na chini hakuna hata tone. Miezi miwili nyuma fundi Stanley aliitoa injini akaweka nyingine. Ya pili nayo ikaanza kunywa vilevile. Saa nne Stanley angekuja kuishusha na hiyo, na Halfani alishamwambia mkewe, Sikudhani, kwamba safari hii ikishindikana, teksi basi, wanarudi Kondoa kulima. Miaka sitini na mbili, aanze jembe upya.

– Mnyama anayekunywa bila kukojoa ana minyoo, – alisema Yotham, ambaye wanamwita Daktari kwa kuwa alichanja ng'ombe wa serikali miaka ishirini.

– Gari lina minyoo?

– Natoa mfano. Kuna kitu ndani kinakula.

Batholomeo alitikisa kichwa. Huyu aliwahi kuwashikia kamba wapima viwanja, jina likabaki Ramani.

– Achana na minyoo. Ni haya maji yetu ya chumvi. Chemsha chai mwezi mmoja uone birika linavyoota ukoko.

– Mimi naweka ya dukani, Ramani, – Halfani akasema. – Yale ya pinki.

– Duka la wapi?

– La vipuri, hapo juu.

– Basi wanayachanganya na ya bomba.

Hamza muuza kahawa akammiminia Halfani kikombe cha pili bila kuulizwa.

– Mimi nasema betri, mzee. Zile za zamani si tulikuwa tunazitia maji? Sasa hii ya kwako kubwa kama godoro la mtoto, unadhani inashibaje?

Halfani alikuwa amesikia habari ya betri mara tatu wiki ile. Hakubisha, maana hata kubisha kunataka nguvu.

– Nimeliwaza hili usiku, – Daktari akarudi. – Gari limezaliwa kwenye barafu. Huku kwetu linatoka jasho, na jasho kwa upepo huu halifiki chini, linakauka hewani.

– Hapo umesema, – Ramani akakubali.

Halfani akaogopa kweli. Wale wawili hawakuwahi kukubaliana hata siku ya kutazama mwezi wa Idi.

Bodaboda ikasimama, akashuka mama mmoja mwenye khanga mabegani.

– Shikamooni.

– Marahaba.

– Naitwa Yudith, mke wa Daudi wa Chemba. Ile injini aliyoitoa fundi Stanley hapa, sisi ndio tuliichukua, tukaiweka kwenye gari kama hili. Baba, Daudi kanituma kwako. Kila siku anakwenda Chemba na kurudi, na hatujaongeza maji hata kikombe. Lakini moyo haumtulii, anaogopa itamfia njiani. Ilikuwa na ugonjwa gani?

Daktari na Ramani wakasogea, wakampa nafasi kwenye benchi.

Halfani akaweka kikombe chini. Miezi miwili amefungua boneti, amekagua ardhi, na siku zote ardhi ilikuwa kavu. Akalala chali kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akajisukuma chini ya gari. Akaona bomba la moshi, na katikati yake kopo la chuma lenye mipira miwili ya maji. Kwenye kiungo chake kulikuwa na ukoko wa pinki.

– Kuna maji yanaingia kwenye ekzosi, – alisema kutoka kule chini.

– Ya nini? – Ramani akauliza.

– Kile kikopo? – Yudith akainama. – Cha kwetu fundi wetu alikiruka, akaunganisha mipira yenyewe kwa yenyewe. Alisema kinachukua joto la moshi kinapasha maji, injini iwahi kupata moto kwenye nchi za baridi. Kikitoboka ndani, maji yanatoka na moshi.

Kumbe kopo lilibaki kwenye gari injini ilipobadilishwa. Na ule moshi mweupe wa kila asubuhi. Halfani aliuona kwa macho yake akausingizia baridi ya Juni. Aibu ikamjaa, na huruma pia, kwa ile injini aliyoitukana mbele ya watu.

– Hamza, Stanley akija mwambie arudi zake na mnyororo wake wa kushushia injini. Hakuna kinachoshuka leo.

– Sawa, mzee.

– Sasa nimwambie nini Daudi, baba?

Halfani hakutoka. Vumbi lilikuwa limemwingia machoni, au alitaka wadhani hivyo.

– Mwambie haikuwa na ugonjwa, mwanangu. Tuliitoa ikiwa nzima.