Papa Onesphore Anaikabidhi Skuta ya Vällingby

Tarehe 29 Mei, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwapelekea wazee chakula cha moto, Onesphore Birindwa anastaafu kazi katika jiko letu la Vällingby. Ameomba sherehe iwe fupi. Anasema magoti yake hayataki kucheza, na masikio yamechoshwa na injini.

Alifika Uswidi kutoka Bukavu akiwa fundi cherehani. Kazi hiyo hakuipata; akapewa helmeti, skuta na sanduku la chakula. Tangu hapo amepanda ngazi za majengo yenye lifti mbovu na kungoja milango ifunguliwe na watu wanaotembea kwa shida. Kuna mwaka barafu ilimtupa kwenye ua wa mteja. Aliinuka na theluji shingoni, akaomba radhi kwa Kiswidi, Kifaransa na Kiswahili, akakabidhi supu bila kumwaga hata tone.

Lakini hakuna majira ya baridi yaliyomchosha kama yale ya mwaka juzi. Skuta aliitumia kwa zamu na Kamila, binti aliyezaliwa hapa kwa wazazi wa Tanga: Papa Onesphore asubuhi, Kamila jioni. Petroli ikaanza kwisha upesi mno. Siku moja skuta ikamzimikia mlimani kuelekea Grimsta. Akaisukuma hadi juu, na huko akamkuta bibi mmoja mgonjwa wa kisukari akitetemeka kwa njaa, hawezi hata kushika kijiko. Papa Onesphore aliogopa sana, na ile hofu ikageuka hasira.

Wakati wa kahawa alisema mbele yetu sote, "Vijana wanachoma mafuta kama wako mashindanoni. Bibi wa watu angekufa leo."

"Mimi naendesha taratibu, Papa," Kamila alijibu. Msimamizi wetu, Aron, akamtoa barabarani na kumpeleka kuosha masufuria.

Papa Onesphore akabaki na zamu zote mbili. Alirudi nyumbani kila siku amechoka hoi, na mafuta yakaendelea kwisha vilevile. Hapo ndipo alipoipeleka skuta kwa Félix, fundi wa Vårby gård. Félix alimwonyesha tairi zilizopungua upepo kwa sababu ya baridi, na breki ya nyuma iliyoshika gurudumu hata ikiwa imeachiwa. Kisha akamuuliza, "Ukifika kwa mteja, unazima injini?"

Hakuwa akizima. Aliogopa kwamba kwa baridi ile haitawaka tena, basi aliiacha ikiunguruma chini huku yeye akipanda ngazi. Nyumba baada ya nyumba, skuta ilikuwa ikila mafuta bila kwenda popote.

Kesho yake alisimama palepale tunapokunywa kahawa. "Nilimsema Kamila mbele yenu, basi nisikieni mbele yenu. Mafuta niliyamaliza mimi. Binti yangu, nisamehe."

Kamila alikuwa bado na povu mikononi. "Nimekusamehe, Papa. Lakini iliniuma," alisema. Jioni ile alirudi barabarani.

Tangu siku hiyo Papa Onesphore hupima upepo wa tairi kabla ya kutoka, huzima injini afikapo kwa mteja, haondoki kwa pupa taa ikiwa kijani, na kila mgeni kazini humfundisha hayo. Matumizi ya mafuta yalipungua, ingawa si kama tulivyotarajia. Safari zetu ni fupi, injini haiwahi kupata moto, na hilo halina dawa.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama anaondoka kwa huzuni. "Hapana, Magdalene," aliniambia. "Nimechoka tu. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya kuchoka."

Papa Onesphore, jiko zima linakushukuru. Tunakuombea wewe na mkeo, Mama Adrienne, asubuhi nyingi zisizo na haraka, na mlango wenu ubishwe na watu waliokuja kuwaona tu.