Historia ya Dada Yetu Ndimu, Mpima Asidi wa Chumba cha Upasuaji

Ndugu waombolezaji, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ninayemfuata kwa kuzaliwa, kuwasomea historia ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Ndimu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa mama yetu mshonaji na baba yetu karani wa posta, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, na jina la Ndimu alilipata sekondari, alipoleta nyumbani karatasi za maabara zinazogeuka rangi zikigusa asidi, akazichovya kwenye chai, kwenye maji ya sabuni, hadi akataka kumpima bibi ulimi, bibi akamwambia ukali wa ulimi wake unajulikana mtaa mzima, hauhitaji karatasi.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1996, akaajiriwa hospitalini, kitengo cha vifaa vya upasuaji, na kazi yake ilikuwa kulinganisha vihisi vinavyopima asidi ndani ya nyama ya mwili, mgonjwa akiwa mezani, maana nyama inayokosa damu huongezeka asidi kabla jicho la daktari halijaona kitu. Kihisi kimoja kilikuwa sindano ya kioo, kingine uzi mwembamba unaopitisha mwanga, na vilipopishana, kama mashahidi wawili wa ajali moja, wapasuaji waliuliza bila kuinua kichwa, "Ndimu, kipi?", naye alitazama namba zinavyopanda na kushuka, akajibu, wakafuata alichosema.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998 na shemeji yetu seremala, aliyependa kutania kwamba ameoa mwanamke asiyeamini futi kamba moja mpaka apime na ya pili, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni muuguzi, na kitinda mimba wao, wa kiume, aliye sekondari.

Januari 2024 alikutwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, akapangiwa upasuaji tarehe 20 Februari katika chumba kile kile alichofanyia kazi, akaomba awekewe vihisi vyote viwili, kwa kuwa nafasi ya kuvilinganisha haipotezwi, akacheka, na sisi tukacheka. Uvimbe ulipokwisha kutolewa na utumbo kuunganishwa, sindano ilisema damu inafika, uzi ukasema haifiki, na daktari, kwa mazoea tu, akauliza, "Ndimu, kipi?", chumba kizima kikainua kichwa, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa amelala mbele yao na bomba mdomoni. Walisubiri, wakapima tena, vikapishana vile vile, wakaamua kuiamini sindano, kama yeyote angeamua, lakini maungio ya utumbo yaliachia, na asubuhi ya tarehe 25 Februari dada alituacha, tumemshika mikono, na mikono yetu haikuwa na la kufanya zaidi.

Wapo wanaotuambia la kuvunda halina ubani, nami nakiri sitaki kulisikia. Daktari yule alikuja nyumbani, akakaa na shemeji, na hatumlaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutulalia matanga, na ninyi wenzake wa chumba cha upasuaji, ambao mtavichukua vihisi vile tena na mtavikuta vimepishana.

Dada, umeulizwa vya kutosha. Pumzika kwa amani.