Mdogo Wangu Alisema Kweli Kanisani

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu, na hasira ningali nayo.

Ililipuka Jumapili, mlangoni mwa kanisa letu hapa Magongo. Mdogo wangu Zakaria, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amempakata mwanangu kama kawaida yake. Mama Naftali, mke wa kiongozi wa ushirika wetu, akamnyakua mtoto.

"Mwache mtoto wa watu. Utamwambukiza."

"Atamwambukiza nini, mama?" nikamwuliza. "Kikohozi?"

"Wajua mwenyewe."

"Sijui. Itaje, si tuko nuruni hapa?"

Nikamchukua mwanangu, nikamrudisha mikononi mwa Zakaria mbele ya watu wote, tukaondoka.

Sisi ni watu wa bara. Baba alikuja kufanya kazi bandarini Kipevu, akatuleta. Hapa pwani hatukuwa na shangazi wala mjomba. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo. Katika ushirika wetu kila aliyeokoka husimama akaungama waziwazi, ndiko tunakoita kukaa nuruni, kisha watu humwimbia na kumkumbatia. Nimeona mwizi akiimbiwa. Nimeona mume aliyempiga mkewe hata akazimia, naye akaimbiwa.

Zakaria aliwasadiki, ndugu zangu. Alisimama akasema moyo wake huwapenda wavulana, si wasichana, na kwamba ameomba na kufunga, nao haukugeuka. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Tangu hapo wakawa wanamsimamisha kila mkutano aungame upya, eti bado ana giza. Baba akamtoa shule. Kisha yeye na kiongozi wakakubaliana apandishwe gari-moshi, apelekwe bara kwa baba mkubwa, akafundishwe uanaume kwa fimbo.

Jumapili ile nilipofika nyumbani nilipiga magoti. Nilikuwa nikiwaogopa watu wale kuliko Mungu, na woga huo Bwana aliniondolea, namshukuru. Nawe unayeogopa, mtegemee. Hajaomba mtoto yeyote atupwe kwa ajili yake.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nitawaandikia wazee wa kanisa, akaniambia, "Ukimshitaki baba yako, hutakuwa na kwenu tena."

Nikamwambia, "Nipe kalamu."

Haya ndiyo niliyoyapeleka kwa baraza la wazee wa kanisa, kwa mkono wangu mwenyewe:

"Mimi, mshirika wa kanisa hili, namlalamikia kiongozi wa ushirika na mkewe, na baba yangu mzazi pamoja nao. Walimwagiza Zakaria aseme kweli. Aliisema, wakamwadhibu. Naomba baraza limwamuru baba amrudishe shuleni, na safari ya bara ifutwe. Mpaka mtakapojibu, anakaa kwangu. Atakayekuja kumchukua sitamfungulia mlango, hata akiwa baba."