Mama Hapana, Fundi wa Visu vya Kukunja

Jumatano iliyopita, tarehe 14 Septemba 2022, saa kumi na nusu jioni, nilimmenyea mke wangu chungwa, akala vipande vitatu, akaniambia nimelimenya kama mtu anayechonga gogo, akaomba nimgeuzie mto, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea kati yetu, kwa sababu ilipofika saa kumi na mbili na robo alikuwa ameshafariki.

Ndugu waombolezaji, nilishauriwa historia hii isomwe na mtu mwingine, ili sauti isikwame, lakini nimeomba niisome mwenyewe, kwa kuwa ina sehemu ambayo hakuna awezaye kuisoma kwa niaba yangu. Nayajua pia yanayosemwa tangu Alhamisi, kwamba asubuhi ya kwanza ya msiba niliondoka nyumbani kwenda kumnyang'anya mtu kisu, na shemeji yangu mkubwa, dada wa marehemu, aliniuliza mbele ya wageni, “Shemeji, mdogo wangu hata hajazikwa, wewe unakwenda kwa watu kudai kisu?” Sikumjibu siku ile. Nitamjibu leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, wa baba fundi kufuli na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana, na mama mkwe wangu husema kwamba alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa meza yenye jiliwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akaingia chuo cha ufundi, idara ya vyuma, ambako alihitimu mwaka 1988, akiwa msichana peke yake katika darasa la wanafunzi thelathini na mmoja.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha zana za kilimo, akawa mkaguzi wa ubora, na huko ndiko alikopata jina la Mama Hapana, kabla hajawa mama wa mtu yeyote, kwa sababu ndilo neno alilolitamka mara nyingi zaidi kazini. Siku aliyorudisha majembe mia nne kwa mkupuo, msimamizi wake alimjia juu akamwambia, “Dada, ukiendelea hivi wakulima watalima kwa kucha,” naye akamjibu, “Bora kucha, zikivunjika huota nyingine.” Msimamizi huyo yuko hapa leo, na ndiye aliyenikumbusha.

Tulikutana mwaka 1992, nilipompelekea bikari yangu ya ubaoni, kwani wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha hesabu chuoni, na bawaba ya bikari ilikuwa imelegea, akaitazama, akasema haikulegezwa na kazi bali na mtu anayeifungua na kuifunga huku akiwaza. Tulifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994, na Mungu akatujalia watoto wawili, binti yetu mwaka 1996 na kaka mtu, kama anavyojiita ingawa ni mdogo, mwaka 1999.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 2003. Wiki iliyofuata alitoa magunia na baiskeli mbovu kwenye stoo yetu ya nyuma, akafunga jiliwa la baba yake, akaanza kutengeneza visu vya kukunja kwa mkono, kimoja kimoja, kila kimoja kwa ajili ya mtu mmoja. Mteja alitakiwa kuja mwenyewe, aweke kiganja juu ya kipande cha boksi, achorwe vidole, aulizwe anakata nini na kwa mkono upi, kisha aambiwe arudi baada ya wiki sita, na aliyeomba wiki tatu alijibiwa kwa lile neno lake la kiwandani. Alikata chuma kwa msumeno wa mkono, akakichonga kwa tupa, akakichoma hadi kiwe chekundu na kukizamisha kwenye mafuta ili kiwe kigumu, kisha akakipasha tena kwenye tanuri dogo la umeme ili ugumu ule upungue, kwa sababu chuma kigumu mno huvunjika kama sahani.

Nieleze jambo moja la kazi yake, kwa sababu yanayofuata yanalitegemea. Visu vyake havikuwa na komeo. Kinachozuia bapa lisirudi kwenye vidole vya mtu ni springi moja tu, kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, kilichofichwa mgongoni mwa mpini, na springi hiyo ikipashwa sawasawa hugeuka rangi ya bluu iliyokolea, na isipopashwa vya kutosha hubaki na rangi ya ganda la kitunguu, nayo hufanya kazi vizuri kabisa, kwa wiki, kwa miezi, mpaka siku inapokatika. Mimi nilipenda kumuuliza ni nyuzi ngapi na dakika ngapi. Yeye aliniita Bwana Saa, akaniambia, “Bwana Saa, maji huchemka yakichemka, si saa ikifika.”

Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kudhoofika mikono, na tarehe 9 Mei tuliambiwa ni uvimbe kwenye ini. Alikuwa na kisu kimoja mezani, cha mia tatu na arobaini tangu aanze, cha mama mwenye kitalu cha miche ng'ambo ya reli, ambaye sote tunamwita Mama Miche, na ambaye kazi yake ya kila siku ni kukata vikonyo na kuvibebesha kwenye miche mingine, akisukuma bapa kuelekea kidole gumba chake mwenyewe. Tarehe 10 Agosti mke wangu alitakiwa kulazwa kesho yake, akasema atakimaliza jioni ile ile, akanikabidhi springi niiweke tanurini kwa saa mbili, kuanzia saa nane, na nisiitoe kabla ya kuitazama rangi.

Niliketi sebuleni nikisahihisha mitihani. Saa tisa na dakika kumi feni ilisimama, kwa sababu umeme ulikatika, na ulirudi saa kumi kasoro dakika tano. Saa kumi kamili nilifungua tanuri, nikaitoa springi, na ilikuwa na rangi ya ganda la kitunguu. Niliiona. Kutoka chumbani aliniita, “Lete, nguvu zenyewe zinaniaga,” na nilijua kwamba nikiirudisha tanurini kwa saa mbili nyingine hataweza tena kushika nyundo siku ile, na kesho alikuwa anakwenda hospitali, na pengine hangerudi mezani. Nikachukua msasa, nikaisugua hadi ikawa nyeupe, kama ambavyo springi zote husuguliwa mwishoni, nikampelekea. Aliigeuza kwenye mwanga, akauliza, “Ilitoka bluu?” Nikasema, “Bluu.”

Alikiunganisha kisu akiwa ameketi kitandani, mimi nikimshikia mpini, akagonga pini tatu, akakifungua na kukifunga mara ishirini, na uso alioufanya baada ya hapo ndio ulionifunga mdomo.

Mama Miche alikichukua Jumamosi ya tarehe 13. Marehemu alirudi nyumbani tarehe 24, madaktari wakiwa wametueleza wazi kwamba hakuna la kufanya zaidi, na kila Jumapili Mama Miche alikuja kumwona, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamfungulia kisu karibu na sikio ili asikie mlio wake, tak, na akamwambia, “Fundi, hiki kinakata hata nikikitazama tu.” Mke wangu alicheka, na siku zile hakucheka kwa jambo lingine. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia vidole vya Mama Miche. Kumwambia yeye kulikuwa ni kumwambia mke wangu, kwa sababu yule mama hajui kuficha kitu, na kila jioni nilizidisha idadi ya miche kwa idadi ya siku, na kila simu iliyolia niliipokea nikiwa nimesimama. Kwa maneno mengine, nilipima furaha ya mgonjwa wangu na mkono wa mtu mwingine, nikachagua, bila kumuuliza mwenye mkono.

Familia inamshukuru daktari aliyetuambia ukweli akiwa ameketi nasi, si akiwa amesimama mlangoni, na wauguzi wa wodi ya wanawake, na majirani waliozima redio zao wiki nzima bila kuombwa, na walimu wenzangu waliobeba vipindi vyangu, na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, waliokuja kumi na wanane. Nanyi mlio na visu vyake, msiwe na wasiwasi, kwani springi zote mia tatu thelathini na tisa alizitazama kwa macho yake mwenyewe.

Sasa, shemeji, kuhusu Alhamisi. Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikafika kitaluni saa moja na dakika tano, nikamkuta Mama Miche amechuchumaa, kisu kikiwa wazi mkononi. Aliponiona alielewa, akainuka, akanijia mikono imetanuka, kisu bado kimo ndani ya ngumi. “Mwalimu, ametuacha?”

“Jana jioni. Mama, weka kisu chini.”

“Pole baba, pole jamani, jamani Fundi...”

“Kiweke chini kwanza.”

Alikichomeka kwenye udongo, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza kama ina maana Fundi alimtengenezea kitu kibovu. Nikamwambia, “Hapana. Bapa ni lake, mpini ni wake, pini ni zake. Springi ni yangu.”

Alitazama kidole gumba chake. “Mwezi mzima, Mwalimu?”

“Siku thelathini na tatu.”

Hakunitukana, ingawa nilisubiri. Alisema, “Chukua, nenda, watu watakuwa wanakutafuta,” akageuka akaanza kulia, na sikuwa na haki ya kumbembeleza.

Nilirudi kwa mlango wa nyuma, nikaingia stoo, nikagonga pini zikatoka, nikaibana springi kwenye jiliwa, nikaisukuma kwa kiganja, kwa nguvu ya mtu anayefungua mlango wa chumbani. Ilikatika hapo hapo, mara ya kwanza.

Mke wangu, haikutoka bluu. Pumzika sasa, kwa amani uliyoifanyia kazi.